Makonyo Chini ya Asumini

Zuwena mwanangu,

Assalamu aleikum. Habari za nyumba hazina haja ya kuandikwa. Umetoka humu saa moja iliyopita kwenda Gando kuwaaga wajomba zako, na sufuria uliyoiacha jikoni bado ina moto. Nimekaa kuandika sasa hivi, alasiri, kabla hujarudi, kwa sababu nikikuona usoni sisemi. Siku sita nimejaribu. Kila nikianza naishia kukuuliza kama umeshatia chaja ya simu kwenye begi.

Kuhusu Mbeya sina la kukufundisha. Habari ya baridi na masweta ameimaliza shangazi yako, na ameirudia. Uuguzi umeusomea wewe. Mimi nikiona sindano nageuza uso. Hayo nayaruka. Nataka kulijibu lile swali lako la Jumamosi.

Ulisimama nyuma ya nyumba na ndoo mkononi, ukalitazama tuta jipya na vile vipande vya asumini nilivyovifunika makuti, ukaniuliza, "Baba, hivi umevipata wapi?" Nikakujibu, "Kwa ntu." Ukacheka, ukasema, "Ntu gani, baba, hana jina?" Nikaenda kutia udhu, na adhana ilikuwa bado saa nzima. Uliona, najua, lakini ukaniacha. Una tabia hiyo ya mama yako ya kumwacha mtu na aibu yake.

Ntu mwenyewe ni Bi Time, jirani yetu.

Sasa ukishamaliza kukasirika endelea kusoma.

Tuta la mama yako ulilikuta ulipozaliwa. Alikuja nalo kutoka kwao Wambaa, yaani alikuja na vipande vitano vya asumini vimefungwa kwenye kitambaa kibichi, na siku ya pili ya ndoa yetu akaniuliza jembe liko wapi. Nilidhani mke wangu anataka kulima muhogo. Alipanda upande wa nyuma, penye jua la asubuhi, na baada ya miaka mitatu nyumba yetu ikawa inajulikana kwa harufu. Mtu akiuliza njia, anaambiwa ende mpaka asikie asumini.

Vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, umevivaa na umeviona vikifungwa kwenye nywele za maharusi, lakini pengine umesahau vilivyokuwa vikitungwa hapa. Asumini na mrehani vilikuwa vyetu. Mlangilangi na mpacholi vilikuwa vya Bi Time, upande wa pili wa ua wa makuti. Kikuba kinataka vyote, kwa hiyo hapakuwa na arusi hapa mtaani iliyofanyika bila wanawake hao wawili kukaa kwenye jamvi moja. Alasiri wakichuma asumini zikiwa bado hazijafunguka, wanatunga, wanasema watu. Mimi nikisahihisha madaftari barazani nilikuwa nawasikia, na nilikuwa nasahihisha polepole makusudi.

Mwaka ule ulipokuwa na miaka kumi na miwili, mama yako alitaka tuta liongezwe urefu mara mbili. Palikuwa na arusi nyingi zinakuja. Halafu dada yake akajifungua Wambaa, na yeye akaenda kumwangalia mpaka arubaini, ukafuatana naye. Kabla hajaondoka alinipeleka nyuma ya nyumba akanionyesha kazi kama mimi ndiye mwanafunzi. Nichimbe kina cha shubiri mbili. Nitoe magugu yote ya ndago na vitunguu vyake, maana ukiacha kimoja vinarudi ishirini. Niuache udongo upigwe jua. Kisha niende Gando kwa kaka yake nikachukue samadi ya ng'ombe, ile iliyokaa mwaka, isiyo na harufu tena, nichanganye, na ile miti ya zamani niichimbie pembeni niilishe samadi hiyohiyo. Akaniuliza kama nimeelewa. Mimi, niliyekuwa nikifundisha kilimo darasa la tano na la sita, nikamwambia nimeelewa.

Kuchimba nilichimba. Ndago nilizitoa. Samadi ndiyo sikuifuata. Ilikuwa msimu wa karafuu, nimechoka, na Gando nilikuona mbali kuliko kulivyo. Na mvua ilikuwa imetukuta na makonyo yetu nje. Unakumbuka vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Mwaka ule vyetu vilirowa, vikaota ukungu, hapana aliyevitaka. Mapolo matatu, magunia mazima, yalikuwa yameegemea banda yananitazama. Nikajiambia, mkarafuu umelea kisiwa kizima, umenisomesha mimi, umemwoza mama yako, vijiti vyake vitashindwaje kulisha ua? Nilijiona mjanja sana. Niliyafukia yote matatu, katika tuta jipya na kwenye mizizi ya ile miti ya zamani, nikarudishia udongo, nikausawazisha kwa mkono ukawa laini kama kitanda kilichotandikwa.

Mama yako aliporudi alikwenda kuliangalia tuta kabla hajavua baibui. Akauliza, "Samadi ushatia?" Nikasema, "Tayari." Alifurahi, Zuwena. Alinishukuru mbele yako. Akakata vipande, akavipanda kwa mshazari, vifundo viwili chini na viwili juu, hatua moja baina ya kimoja na kingine, akavifunika makuti.

Mvua za masika zilipoingia ardhini, makonyo yakatoa mafuta yake. Ni mafuta yaleyale tunayotia kwenye jino linalouma, na unajua yanavyochoma. Vile vipande vipya havikuchipua hata kimoja. Baadaye majani ya miti ya zamani yakaanza kuwa manjano, kisha yakaungua kingo, kisha yakaanguka. Wiki ya pili nilichimba kwa kidole, nikautoa mzizi mmoja, ulikuwa wa kahawia na unabonyea. Nikajua papo hapo. Wala harufu haikunisaliti, maana msimu wa karafuu ndio kwanza ulikuwa umekwisha na Pemba nzima ilikuwa bado inanuka karafuu, hata shuka tulizolalia.

Jioni ile mama yako alisimama pale akasema, "Baba Zuwena, kuna ntu kapita hapa nisipokuwapo?"

Huo ndio ulikuwa wakati wangu. Ningesema, angenipigia kelele siku tatu, angewahadithia wanawake wote, wangenicheka mpaka mwezi wa Ramadhani, na yangekwisha. Mwalimu wa kilimo kaua asumini kwa makonyo. Nilikiona kicheko hicho kinakuja, nikakiogopa.

Nikasema, "Sijui. Time nlimwona akimwaga maji hapo uani."

"Maji ya nini?"

"Sijui miye. Labda ya ng'onda."

Bi Time alikuwa kweli akianika ng'onda wakati ule, na maji ya kuoshea samaki wa chumvi yanaua mti, kila mtu anajua. Na kweli nilimwona akimwaga maji, mara moja. Yalikuwa meupe. Yalikuwa maji ya kuoshea mchele, na nilikuwa karibu kiasi cha kuyaona vizuri. Kwa miaka mingi nimejitetea moyoni kwamba sikusema uongo, nilisema "labda." Neno hilo ndilo silipendi kuliko maneno yote niliyowahi kuyasema.

Mama yako hakwenda kugombana. Angegombana, ningepata nafasi ya kusema. Aliacha tu. Siku ya kwanza hakwenda jamvini, ya pili hakwenda, Bi Time akaja kuuliza kulikoni, akajibiwa kwa adabu sana kwamba hakuna kitu. Adabu ile ilikuwa mbaya kuliko matusi. Arusi zikafanyika na vikuba nusu nusu, vingine havina asumini, vingine havina mlangilangi. Nawe mtoto wa watu ukashika upande wa mama yako kama inavyotakiwa, ukawa ukimwona Bi Time njiani unavuka upande wa pili. Niliona. Nilikuwa nyuma yako mara moja, tunatoka shule, na niliona uso wake ulipovuka.

Mimi ndiye niliyeing'oa ile miti iliyokufa. Mama yako alidhani nimemhurumia. Nilitaka asije akachimba mwenyewe akaona kilicho chini. Niliibeba nikaitupa korongoni, nyuma ya kwa Bi Time, kwa kuwa palikuwa karibu. Yale makonyo niliyachota na udongo wake usiku wa kuamkia Ijumaa nikayatupa huko huko.

Miaka saba wakakaa hivyo. Nilikuwa nikijiambia nitasema mwaka huu, nitasema baada ya Idi, nitasema akipona. Hakupona.

Siku ya maziko yake nilikuwa nje na wanaume. Bi Time alikuja na kanga kichwani na majani ya mkunazi mkononi, amekuja kumwosha mwenzake. Wewe ulikuwa mlangoni. Ulikuwa na miaka kumi na tisa na macho yamevimba. Ukamwambia, na nilisikia kila neno, "Bi Time, niwie radhi. Mama hakutaka uingie kwake akiwa hai." Hukupaza sauti. Yeye akasimama kidogo, akayaweka majani juu ya baraza, akarudi alikotoka. Alinipita mimi karibu kabisa. Mimi nilikuwa natazama viatu.

Najua siku hizo ulijivunia jambo hilo. Uliniambia mwenyewe arubaini ilipokwisha kwamba angalau ulimtetea mama yako mara moja ya mwisho. Nikanyamaza. Nataka ujue kwamba ulilolisema mlangoni pale lilikuwa neno langu, nililipanda mimi, nawe ulilitoa kinywani mwako ukidhani ni la haki. Lawama yake si yako. Hilo ndilo nililotaka ulisome kabla hujaondoka hapa, na ningekuwa mtu wa maana ningeliandika peke yake kwenye karatasi ndogo.

Mengine ni ya tuta jipya.

Ulipopata barua ya kazi niliona nyumba itabaki na mimi na paka, na paka mwenyewe anakula kwa jirani. Nikachukua jembe. Nikachimba pale pale, shubiri tatu safari hii, nikaukusanya ule udongo wa zamani wote nikaupeleka mbali, nikaleta mwingine wa juu kutoka chini ya migomba. Ndago nilizichambua nimekaa juu ya kigoda, moja moja, wewe ukidhani nimeanza kuzeeka vibaya. Niliuacha udongo juani wiki tatu. Samadi nilikwenda kuichukua Gando kwa mjomba wako. Unajua ni safari ya muda gani? Nilitoka baada ya chai nikarudi kabla ya adhuhuri, na mapolo mawili juu ya gari la mtu. Nilikaa ukingoni mwa tuta, nikahesabu nusu siku hiyo na miaka kumi na moja, nikalia. Nakwambia kwa kuwa nilisema nitakwambia yote.

Nikachanganya samadi na mchanga kidogo, nikaliinua tuta kiganja kimoja juu ya ardhi ili maji ya masika yasisimame. Likawa tayari, na sina cha kupanda. Nilikwenda mpaka Chake Chake, kwa wale wanaouza miche njiani. Zao zilikuwa asumini kubwa, nyeupe, nzuri, na ukizinusa ni kama kunusa karatasi. Muuzaji akaniambia, "Mzee, hizi ndizo za kisasa." Nikamwambia za kisasa ziendelee.

Asumini ya Wambaa nilijua iko sehemu moja tu. Alasiri ukipita kwa Bi Time upepo unakwambia. Nilikuwa naisikia miaka yote na sikuwahi kujiuliza kaipata wapi, au nilijizuia nisijiulize.

Ijumaa baada ya sala nikaenda. Nikapiga hodi, akanikaribisha, akanitolea kiti nje. Amezeeka kidogo. Tukaulizana hali, tukaulizana mvua. Nikamwambia, "Bi Time, nimekuja kuomba vipande vya asumini. Nimelima tuta."

Akaniangalia. Akasema, "Tuta nimeliona. Na samadi umetia ya nini safari hii, Mwalimu?"

Nilisikia masikio yanawaka. Nikasema, "Ya ng'ombe."

"Umeifuata Gando?"

"Nimeifuata."

Akatikisa kichwa, akaingia ndani kutafuta kisu, akatoka, akaenda kwenye mti, na alipokuwa anakata amenipa mgongo ndipo aliponihadithia. Siku niliyoitupa ile miti korongoni alishuka kuiangalia, maana hakuamini kwamba yote imekufa. Akapata tawi moja bado bichi. Alipolivuta likaja na mzizi, na mizizini yameshikana makonyo, bado mazima. Alilisafisha, akalipanda. Hilo ndilo limekuwa mti ule, na vipande ulivyovimwagia maji Jumamosi ni watoto wake.

Nikamwuliza, "Kumbe ulijua tangu siku ile?"

"Nlijua."

"Mbona hukumwambia?"

Aliendelea kukata. Akasema, "Ningemwambia nini, Mwalimu? Kwamba muwewe kamdanganya, na kanisingizia maji ya ng'onda, nlivyokuja kusikia? Miye alikuwa akija kwangu alasiri tu, akachuma maua akenda zake. Weye alikuwa akilala kwako. Nkaona ilimradi lazima aache ntu, heri aniache miye."

Akavifunga vile vipande kwenye kitambaa kibichi akanipa. Sijawahi kubeba kitu kizito kama kile. Nilimwomba radhi, na sikuipanga vizuri, maneno yalitoka ovyo. Akasema ameshasamehe siku nyingi, kabla ya mama yako kufa, na kwamba hilo la mlangoni ndilo lililomuuma, lakini hakulihesabu kwako kwa kuwa ulikuwa mtoto mwenye msiba. Kisha akaniuliza, "Na ntoto anajua?"

Nikasema hujui, na kwamba Alhamisi unaondoka.

"Basi asende hajui," akasema. "Nnataka kuja kumuaga. Lakini siji mpaka ushamwambia, maana sitaki anisalimu kwa kunionea huruma, wala sitaki anifukuze tena kwa jambo ambalo halipo."

Nikamwahidi. Hiyo ilikuwa Ijumaa, na leo Jumatano. Unaona mwenyewe jinsi babako anavyotimiza ahadi.

Sikuandikii haya yawe somo. Somo nililifundisha miaka thelathini na mbili na sikulijua. Huko Mbeya utakosea kama watu wote, na wauguzi makosa yao yana uzito kuliko ya walimu wa kilimo. Nisingependa usikosee, maana mtu asiyekosea havumiliki nyumbani. Ila nikitazama nyuma, kosa lenyewe lilikuwa la mapolo matatu na wiki moja ya kuchekwa. Haya mengine yote yalitoka kwenye ile hofu ya kuchekwa. Ukiweza kuvumilia kuchekwa mapema, vumilia. Zaidi ya hapo sijui.

Nilimpenda mama yako. Najua baada ya kusoma haya huenda usiamini, na sina cha kukuonyesha.

Barua hii nitaiweka juu ya begi lako, na ukirudi kutoka Gando nitakuwa nimeshakwenda kuswali magharibi na nitakaa msikitini mpaka isha ipite. Chakula usiningojee. Asubuhi boti ya Mkoani haisubiri, kwa hiyo gari itakuwa hapa mapema. Bi Time nimemwambia aje baada ya alfajiri. Nilipomwambia hivyo nilikuwa sijaandika hata mstari mmoja, nimejifunga mwenyewe makusudi.

Saa hiyo mimi nitakuwa msikitini mpaka jua lichomoze. Sitaki uwe unanitazama mimi huku unaamua umwambie nini yeye. Umkaribishe usimkaribishe, umkumbatie au usimame tu, hilo lenu, na kwa mara ya kwanza halitakuwa na neno langu ndani yake.

Kisha nitarudi. Kama utakuwa hutaki kunipa mkono, usinipe. Begi nitakubebea mpaka barabarani hivyo hivyo.

Babako